Anayeuliza si aliyeazimia: kwa mtu mzima anayetaka kuujua Uislamu

Nimefundisha chuoni (madrasa) hapa Ujiji kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa juzuu, wanaoanza kusoma Qurani. Hata hivyo, mara kwa mara hubisha hodi mtu mzima, aghalabu baada ya alasiri watoto wakishatawanyika, akaanza kwa kusema kwamba hakuja kusilimu, amekuja kuuliza tu. Mtu huyo tunamkosea mara nyingi, nami nilimkosea mapema.

Nilipokuwa kijana alinijia fundi wa boti aliyekuwa na maswali juu ya Nabii Isa. Badala ya kumjibu, nilimpeleka msikitini siku ya Ijumaa, nikamtamkisha shahada, yaani tamko la kuingia Uislamu, mbele ya safu zote, takbira zikasikika, akavishwa kofia na kupewa jina jipya. Ijumaa iliyofuata hakuonekana, wala ile ya baadaye. Maswali yake aliondoka nayo kama alivyokuja nayo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, wanasisitiza kwamba aliyeazimia kusilimu asicheleweshwe, na hata kumwambia angoje hotuba imalizike ni kosa. Hukumu hiyo ni ya aliyeazimia. Anayetafuta ana haki nyingine: kuelezwa dini ilivyo, pamoja na uzito wake, kisha kuachwa afikiri. Sura ya al-Baqara, aya ya 256, inasema hakuna kulazimisha katika dini, nami naona kwamba mtu anaweza kulazimishwa kwa haya ya kuzungukwa na watu wanaoshangilia.

Kwa hiyo siku hizi huanza na mambo yanayowatisha watu bure. Shahada ni sahihi kwa Kiswahili kwa asiyejua Kiarabu. Jina la mtu halibadilishwi ila likiwa na maana mbaya au ya kumwabudu asiye Mwenyezi Mungu, na cheti cha kusilimu ni kumbukumbu yenye manufaa kwenye ndoa na hija, si sharti la imani. Kuhusu ndoa, ambayo ndiyo inayowaleta wengi (tusijifanye hatujui), mwanamke Mkristo anaweza kuolewa na Mwislamu naye akabaki katika dini yake. Ni mwanamume asiye Mwislamu ndiye asiyeweza kumuoa Mwislamu kisheria ya dini.

Uzito nao sifichi. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku (rakaa ni kipindi cha kusimama, kuinama na kusujudu), na swala ya kwanza ni kabla jua halijachomoza. Asiyejua bado al-Fatiha, sura ya kwanza ya Qurani, husoma dhikri (maneno ya kumtukuza Mungu) mahali pake anapoendelea kujifunza, lakini swala yenyewe haiahirishwi. Na kwa fikihi (sheria za dini) ya Sunni, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, ingawa wanaweza kupeana zawadi, na wasia usiozidi theluthi moja ya mali unaruhusiwa kwa ndugu asiye Mwislamu. Jambo hili ni bora mtu alijue kabla, kuliko kulisikia matangani.

Swali lililonifikirisha zaidi aliniletea mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akasema, “Ustadhi, mama yangu ni Mkatoliki tangu kuzaliwa. Nikisilimu, akifa nitamzika, au nitakatazwa?” Nilimwambia kwamba atamzika, kwa kuwa Mtume alimwamuru Ali amzike babaye Ali, Abu Talib, ambaye hakuwa Mwislamu, na wanazuoni wa Shafi wanajuzisha kufuata jeneza la jamaa asiye Mwislamu. Kisha nikamweleza habari ya Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ambaye mama yake aligoma kula na kunywa ili mwanawe aache Uislamu. Ndipo ikashuka aya inayomtaka mtoto asiwatii wazazi katika kumshirikisha Mungu, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Alinyamaza kitambo, akauliza kama yule mama hatimaye alikula. Ndiyo, nikamjibu, walimlisha kwa nguvu: kinywa walikipanua kwa kijiti. Akatikisa kichwa, akasema mama yake mwenyewe angegoma vivyo hivyo.

Amekuwa akija kila Alhamisi. Tumesoma tafsiri ya Kiswahili ya sura ya Maryam, yenye aya 98, kwa kuwa ndani yake anakutana na watu anaowafahamu, nasi tukasimama kwa muda mrefu pale tunapotofautiana na alivyofundishwa kanisani, bila kupaka rangi tofauti hiyo. Juzi aliomba nimwonyeshe kutawadha. Nilimpa birika, akaosha uso, akaosha mikono hadi viwikoni, akapaka maji kichwani, kisha akaanza na mguu wa kushoto; nikamwelekeza aanze na wa kulia.

“Sasa nimetawadha, ustadhi. Ndiyo nimeshasilimu?”

“Hapana, mama. Umenawa tu.”

Alicheka, akajifuta miguu kwa upindo wa khanga, akauliza ni kwa nini kichwa hupakwa tu na miguu huoshwa.