St Dunstan-in-the-East: kiwanja cha kale, kuta za juzi

Watu wakishajua kazi yangu ni majengo ya zamani, lazima mmoja anitumie picha ya lile gofu la London lililo kati ya daraja la London Bridge na ngome ya Tower of London, halina paa, mimea imetambaa mpaka madirishani, na chini kaandika "kanisa la miaka 900". Mi huwa nacheka kidogo. Miaka 900 ni ya kiwanja. Kanisa la parokia lilijengwa hapo kwenye mwaka 1100 hivi, 1391 likaongezewa ubavu wa kusini, lakini hizo kuta zenye madirisha ya tao lililochongoka unazozipenda ni za 1821 jamani, zilijengwa makusudi zionekane za kale.

Ilikuwa hivi. Moto mkubwa wa 1666 ulipoliunguza hawakulivunja, walilitia viraka tu, halafu kati ya 1695 na 1701 msanifu majengo Christopher Wren akawawekea mnara mpya, na kwa kweli huo mnara ni balaa, ile ncha ya juu imebebwa na matao manne yaliyopinda na katikati yake ni hewa tupu, ukiitazama kutoka chini unaona kabisa mawingu yanapita. Inasimuliwa kwamba baada ya dhoruba ya 1703 Wren aliambiwa minara yote ya mjini imeharibika, akajibu wa St Dunstan hapana, ana uhakika.

Kilichouponza ukumbi ni paa. Fundi yeyote anajua kenchi, yaani fremu inayobeba paa, isipofungwa vizuri huko chini inataka kutanuka, kama mtu aliyesimama kwenye vigae vyenye maji miguu inamwachia kila mmoja upande wake, na anayesukumwa ni ukuta. Sasa mwanzoni mwa karne ya 19 wakaja kugundua uzito wa paa umezisukuma kuta nje ya timazi, yaani hazisimami wima tena, kwa inchi 7! Kwa ukuta wa mawe hiyo si nyufa ya kuziba na plasta. Basi 1817 wakaanza kujenga upya chini ya msanifu David Laing, mnara wa Wren wakauacha.

Bomu la Wajerumani la 1941 likauangusha ukumbi, zikabaki kuta za kaskazini na kusini, na mnara, yale matao membamba bado yamesimama, sijui niseme nini. Halikujengwa tena, parokia ikaungana na ya kanisa la All Hallows by the Tower, na mwaka 1967 halmashauri ya City, ile London ya kale ya katikati, ikaamua pawe bustani.

Ukifika, kaa kwenye benchi karibu na ile chemchemi ndogo, mchana utakuta watu wa maofisini wanakula. Kisha nenda kaguse jiwe la dirishani, rudi uguse la mnara. Ni hatua chache tu, lakini hayo mawe yamepishana miaka 120.