Fedha za uanagenzi zimfikie na fundi wa gereji

Mwajiri wa Dar es Salaam mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa kila mwezi asilimia 3.5 ya mishahara yote anayotoa, kama tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Wahasibu wanaiita SDL. Kabla ya 2013 kiwango kilikuwa asilimia 6, kikawa kinashuka kidogo kidogo hadi kufikia hiki mwaka 2023. Chukua kampuni yenye watu 20, kila mmoja akilipwa shilingi 500,000. Mishahara ni milioni 10, tozo ni 350,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Mfanyakazi hakatwi kitu hapo. Mwajiri ndiye anayetoa.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu serikali ikitangaza kuongeza fedha za uanagenzi, watu huuliza nafasi ni ngapi na fomu zinatoka lini. Mimi niliyefundisha umeme wa magari, na sasa nakagua karakana zinazopokea wanagenzi, huuliza kwanza fedha hizo zinaingilia mlango gani. Kwa muda mrefu theluthi moja ya tozo ndiyo iliyokwenda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili zikabaki Hazina, ambako sehemu kubwa imesaidia mikopo ya elimu ya juu. Uanagenzi wenyewe umekuwa ukipata fedha za bajeti kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Serikali humlipia kijana ada chuoni. Ni jambo jema na limewafungulia njia vijana wengi wa mjini hapa ambao wazazi wao wasingeweza.

Lakini ada ya chuo ni nusu ya uanagenzi. Mwanagenzi si mwanafunzi aliyekwenda fildi wiki chache kabla ya kufunga chuo. Ana mkataba unaomhusisha yeye, chuo na mwajiri, na muda wake umegawanywa: darasani anajifunza kwa nini, kazini anajifunza namna gani, na anarudi tena darasani na maswali aliyokutana nayo kazini. Huko kazini kuna mtu anayemfundisha. Mtu huyo ndiye ninayemtetea hapa, maana katika mipango mingi hana fungu.

Kijana akiingia kwa seremala wa Keko, miezi ya mwanzo anaharibu. Ubao wa mninga ukikatwa sentimita mbili pungufu, umekwenda, na bei ya mninga kila mtu anaijua. Fundi anaacha kazi ya mteja ili aelekeze, mteja anapiga simu kuulizia kitanda chake, siku inakwisha. Baadaye mambo yanageuka: kijana anapiga msasa vizuri, anaunga, anaanza kumwingizia bosi wake hela. Halafu, akishaiva, anaondoka na kufungua kibanda mtaa wa pili. Fundi amebaki na hasara ya mwanzo, na faida wameipata wengine: huyo kijana, wateja wake wapya, mwajiri mwingine aliyemchukua akiwa tayari.

Hii ndiyo sababu utakuta kijana amekaa miaka mitatu kwenye gereji akishika taa, akiosha vipuri na kutumwa chai. Jina lake ni saidia fundi na hajawahi kukabidhiwa kifaa cha kupimia. Sikubali kwamba mafundi wetu ni wachoyo. Hakuna anayewalipa kufundisha, na hawawezi kuiuza faida inayosambaa mji mzima. Pengo hilo soko haliwezi kuliziba peke yake, na ndipo fedha za umma zinapohitajika kuliko kwenye jengo jingine lenye utepe wa kukata.

Sasa rudi kwenye tozo. Wanaoilipa ni waajiri wenye watu 10 kwenda juu. Wanaofundisha vijana wengi wa Dar es Salaam ni gereji za Tabata, maseremala wa Keko, wachomeleaji wa pembeni mwa barabara, sehemu zenye watu watatu au wanne. Hawalipi tozo, kwa hiyo hawamo kwenye daftari, na wasipokuwa kwenye daftari hata msaada hauwaoni. Mpango ukipanuliwa kupitia kampuni kubwa tu, utagota mapema, kwa kuwa kampuni kubwa zenye karakana nzuri si nyingi kiasi hicho.

Uingereza wana somo la kutusaidia. Tangu Aprili 2017 mwajiri mwenye malipo ya mishahara yanayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5. Fedha zinaingia kwenye akaunti anayoweza kuitumia kulipia mafunzo na upimaji wa wanagenzi, si mishahara yao. Ni utaratibu ulio wazi kuliko wetu, maana mlipaji anaona hela yake. Hata hivyo idadi ya wanaoanza uanagenzi ilishuka baada ya hapo, na walioumia zaidi ni vijana wa ngazi za chini, kwa kuwa waajiri wengi walielekeza fedha kwa wafanyakazi waliokuwa nao tayari. Fedha huelekea kwa yule aliye karibu nazo, isipokuwa sheria iseme vinginevyo.

Kuna anayeniuliza, kwa nini basi tusiwaachie mafundi wa mtaani wafundishe kama zamani? Nitamjibu kwa mfumo wa gesi asilia kwenye magari, ambao hapa Dar es Salaam umeshika kasi kwenye teksi na bajaji. Mtungi hubeba gesi kwa mgandamizo wa takriban bar 200. Kijana asiyejua mgandamizo huo unafanya nini kwenye kiungo kilicholegea ni hatari kwake na kwa abiria. Hayo anayapata darasani. Lakini mkono wa kufunga bomba, na sikio la kujua injini haijakaa sawa, havipatikani kwenye ubao.

Nauli nayo. Kijana wa Chanika anayejifunza Chang'ombe, posho ikichelewa wiki mbili tu, hafiki. Hajaacha kwa uvivu, ameishiwa. Wengine wanaangukia kwenye bodaboda na hawarudi.

Njia ninayoipendekeza inatumia vitu tulivyonavyo. VETA tayari hupima na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza ufundi nje ya chuo. Fundi mwenye gereji apimwe kwanza, apewe cheti chake, kisha kozi fupi ya namna ya kufundisha na kujaza kitabu cha mafunzo. Baada ya hapo aruhusiwe kupokea wanagenzi wawili kwa mkataba. Gereji nne au tano zinazopakana zisaini pamoja, ili kijana apite kwa fundi wa injini, wa umeme, wa bodi, kila mmoja kwa kipindi chake. Ujerumani nao wameliona tatizo la karakana ndogo isiyoweza kufundisha kila kitu, ndiyo maana wanagenzi wa ufundi huko hupelekwa kwenye vituo vya pamoja. Na chama cha mafundi cha Hamburg kimeshirikiana na VETA kuendesha uanagenzi pacha, yaani wa chuoni na kazini kwa pamoja, hapa Dar es Salaam, Arusha na Moshi, kwa hiyo uzoefu huo si mgeni kwetu.

Malipo ya fundi yagawanywe. Sehemu itolewe mwanzoni, wakati mbao zinaharibika na hasara ni yake. Sehemu ya pili itoke mkaguzi akishafika gerejini, akampa kijana gari lisilowaka na kumwacha atafute kosa mwenyewe, badala ya kuhesabu vichwa na kusaini mahudhurio. Ya mwisho ilipwe kijana akifaulu mtihani wa ngazi yake, hata kama siku ya pili yake anahamia kwa bosi mwingine.