Herufi za Kichina si picha za kukariri moja moja

Wengi wanaotamani kujifunza Kichina hukata tamaa kabla ya somo la kwanza, kwa kuwa wameambiwa kila herufi ni picha inayojitegemea na zipo makumi ya maelfu za kukariri. Imani hii imewanyima wageni wengi lugha tamu sana.

Ni kweli kwamba kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ina herufi zaidi ya 47,000, lakini nyingi hazitumiki tena. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na za daraja la kwanza, yaani zinazotumika zaidi, ni 3,500.

Picha halisi nazo ni chache. Herufi nyingi huunganisha sehemu mbili: moja hudokeza maana, nyingine sauti. Chukua 青, isomwayo qīng. Iongezee alama ya maji, unapata 清, yaani safi, angavu. Alama ya jua hutoa 晴, anga isiyo na mawingu. Ya moyo, 情, hisia. Ya usemi, 请, kuomba kwa adabu. Zote husomwa qing, ingawa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, si moja.

Kidokezo cha sauti hakiaminiki kila mara, maana matamshi yamebadilika kwa karne nyingi. Kile cha maana, hata hivyo, humfungulia mgeni fikra za Wachina wa kale. Kwao moyo haukuwa wa hisia peke yake: kuwaza, 想, na kusahau, 忘, huandikwa vyote viwili kwa alama ya moyo.