Protini inayolinda mifupa hufanya nini ndani ya mishipa ya damu?

Protini hiyo, osteoprotejerini, ilipewa jina lake mwaka 1997 kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya mfupa na kulinda, na pengine jina hilo ndilo linalowafanya wengi wadhani kwamba kazi yake haivuki mfupa. Ndani ya mfupa, kazi hiyo inaeleweka vizuri. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na seli zinazobomoa hazikomai mpaka protini iitwayo RANKL iingie katika kipokezi chake kama ufunguo katika kufuli. Osteoprotejerini ni kufuli lisilo na mlango: huunasa ufunguo huo, na ubomoaji ukapungua. Lakini hutengenezwa pia na seli za misuli laini katika kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, na seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa huihifadhi katika vifuko vidogo pamoja na protini inayosaidia damu kuganda. Mwaka 1998 ilielezwa kwamba panya wa maabara waliokosa jeni yake walikuwa na mifupa myepesi inayovunjika kirahisi, huku aota (ateri kuu itokayo moyoni) na ateri za figo zao zikijaa madini ya kalsiamu.

Wapo wanaoyafananisha madini hayo na ukoko mweupe wa ndani ya birika, na kwa hiyo wakaogopa maziwa na dagaa kwa kuwa vina kalsiamu. Ukweli ni kwamba ateri haipakwi kalsiamu kutoka nje tu. Seli zake za misuli laini, zikisumbuliwa na kisukari, ugonjwa wa figo au uvimbe wa muda mrefu, hubadili tabia na kuanza kufanana na seli zinazojenga mfupa. Aota iliyokakamaa namna hiyo haitanuki vema moyo unapopiga, ndiyo maana namba ya juu ya presha hupanda na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayosema kwamba kwa kuwa protini hii ni mlinzi, basi ikiwa nyingi katika damu ni dalili ya afya. Kwa binadamu hali huonekana kinyume: wagonjwa wa kisukari na wa ateri za moyo, kwa wastani, huwa na kiwango kikubwa zaidi. Hata hivyo, si haki kuirukia na kuiita chanzo cha ugonjwa, kwa sababu watafiti wengi wanaona kwamba huenda mshipa ulioumia ndio unaoitoa kwa wingi ili kujihami. Kiwango chake peke yake hakitoshi kumpa mtu jibu, na kliniki za kawaida hazikipimi.

Mwisho, hudhaniwa kwamba dawa ya mifupa itasafisha na ateri. Denosumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2010, huizuia RANKL kama osteoprotejerini ifanyavyo, na katika jaribio la wanawake 7,868 waliokoma hedhi ilipunguza kuvunjika kwa mifupa. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo, baada ya miaka mitatu, kalsiamu katika aota iliongezeka sawasawa na kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa.