Kabla ya Kuilaumu Betri: Namna Ninavyopima Mfumo wa Chaji wa Gari

Gari likigoma kuwaka asubuhi, lawama huangukia betri, na mara nyingi mwenye gari hunijia akiwa ameshanunua mpya. Wakati mwingine amepatia. Hata hivyo, katika kazi hii ya umeme wa magari nimeona betri nyingi zikitupwa zikiwa bado nzima, kwa sababu hakuna aliyetenganisha mambo matatu: betri kushindwa kutunza chaji, betri kutopewa chaji ya kutosha, na betri kunyonywa gari likiwa limezimwa. Dalili ya asubuhi ni ileile kwa yote matatu, lakini vipimo vyake ni tofauti, na multimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia umeme, hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Betri ya risasi na asidi ina seli sita, kila moja ikitoa takribani volti 2.1, kwa hiyo ikiwa imejaa na kupumzika inapaswa kusoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12.0 ihesabu kuwa imekwisha. Sharti la kupumzika lisipuuzwe, kwani betri iliyotoka kuchajiwa hubaki na chaji ya juujuu inayopandisha kipimo kwa muda. Mimi husubiri saa kadhaa, au nikiwa na haraka huwasha taa kubwa kwa dakika mbili, nikazizima na kutulia kidogo ndipo nipime. Betri inayong'ang'ania volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa ipasavyo, karibu kila mara ina seli moja iliyopiga shoti, na hiyo haina tiba.

Kipimo cha kupumzika pekee kinaweza kudanganya. Betri iliyokaa muda mrefu bila kujaa hujengeka fuwele za salfeti kwenye sahani zake, nayo huonyesha volti nzuri isipobebeshwa kazi, kisha huanguka ghafla stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, inapoomba mamia ya ampea. Ndiyo maana baada ya kuichaji naweka ncha za multimita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibano vya waya, na kumwomba mtu apige stata. Katika hali ya hewa isiyo ya baridi kali, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, betri ni dhaifu, au mara chache stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi. Ikiwa betri inabaki juu ya 12 huku stata ikilia tu bila kuzungusha injini, umeme haufiki unakotakiwa, na betri mpya haitasaidia kitu.

Injini ikishawaka, mfumo wa chaji mzima huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.7 kwenye betri. Kipimo kikibaki palepale kilipokuwa kabla ya kuwasha, altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji, na kabla ya kuifungua naangalia belti, soketi ya nyuma yake, fyuzi, na taa ya chaji kwenye dashibodi, ambayo lazima iwake ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuunguruma. Katika magari mengi ya zamani umeme unaoiamsha altaneta hupitia taa hiyohiyo. Zaidi ya volti 15 ni kosa la regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za altaneta, na betri itaanza kuchemka na kutoa harufu ya yai viza. Magari mapya yahukumiwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kompyuta hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Washa taa na feni kwanza, ndipo usome.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulipita. Gari moja lililetwa kwangu likiwa na betri mpya na altaneta mpya, na bado betri ilikuwa ikiishiwa. Taa na feni zikiwa zimewashwa, altaneta ilitoa volti 14.3 kwenye nguzo yake, lakini betri ilipokea 13.4 tu. Niliweka ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya altaneta na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri: 0.1, hakuna neno. Kutoka mwili wa altaneta hadi kichwa hasi cha betri: 0.8, wakati mimi sipendi kuona zaidi ya 0.2. Nikasogeza ncha hatua kwa hatua, na karibu upotevu wote ukaonekana kati ya injini na bodi. Waya wa ethi, unaounganisha injini na bodi ili umeme urudi kwenye betri, ulikuwa mzuri kwa nje, lakini chini ya plastiki nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Stata nayo ilikuwa nzito kwa sababu hiyohiyo, maana umeme wake hurudi kwa njia hiyo.

Niseme pia kwamba ule mtindo wa kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma, ili kuona kama altaneta inafanya kazi, uachwe kabisa: volti huruka ghafla na zinaweza kuua kompyuta ya gari.

Kwa betri inayonyonywa usiku, naunganisha ammita kati ya kichwa hasi na waya wake, nafunga milango, kisha nasubiri hata zaidi ya nusu saa ili kompyuta zote zilale. Chini ya miliampea 50 inakubalika kwa magari mengi. Miliampea 300 zitamaliza nusu ya betri ya ampea-saa 60 kwa siku nne hivi. Sichomoi fyuzi ovyo, kwa sababu kuzirudisha huziamsha kompyuta. Napima milivolti kati ya vitundu viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi, na ile isiyosoma sifuri ndiyo inayopitisha umeme. Fyuzi zote zikisoma sifuri na umeme bado unavuja, nafungua waya wa betri, nautenga waya mnene wa altaneta na kuufunika, kisha napima upya. Uvujaji ukikoma, dayodi ya altaneta, ile inayopaswa kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, imekufa, hata kama altaneta hiyo mchana ilikuwa ikisoma volti 14.