Thumuni ni sehemu ya nane ya nini?

Katika kuhariri matini za zamani, kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: mtafsiri anakuta "thumuni", anafungua kamusi, anaona "sehemu ya nane", kisha anagawa shilingi kwa nane na kuandika senti 12 na nusu. Sarafu ya namna hiyo haikuwahi kutolewa kwetu Afrika Mashariki. Thumuni ni senti 50. Nusu shilingi kamili.

Kamusi haikukosea. Neno limetoka Kiarabu na kweli maana yake ni moja ya nane, ila kinachogawanywa si shilingi, ni reale: ile dola ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyokuwa ikitembea pwani yetu kabla ya shilingi kuzaliwa. Mwaka 1882 Sayyid Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake mwenyewe, zikiwemo pesa za shaba zenye picha ya mizani. Reale moja ilikuwa pesa 136, na rupia ya Kihindi pesa 64. Ukigawa 136 kwa nane unapata pesa 17, na robo rupia ni pesa 16. Tofauti ni pesa moja tu, kwa hiyo thumuni na robo rupia vilikuwa karibu kitu kimoja. Waingereza walipoipima rupia kwa shilingi 2 mwaka 1920, robo rupia ikawa senti 50. Jina likahamia kwenye sarafu ile yenye simba mbele ya milima, na likabaki pale. Wengine huitamka sumuni. Ni sarafu ileile.

Angalia basi neno limekaa wapi kabla ya kulifasiri. Kwenye mirathi ya Kiislamu thumuni ni moja ya nane halisi: mke hupata thumuni mumewe akiacha mtoto, na robo asipoacha. Humo usithubutu kuandika senti 50! Lakini mtu akisema "nilinunua ndizi za thumuni", hapo ni sarafu, na mimi hupendelea neno liachwe kama lilivyo na thamani iandikwe katika tanbihi.

Peni nayo ina mtego wake. Kwa Waingereza, mpaka 1971, peni 12 zilifanya shilingi, yaani moja ilikuwa senti 8 na kitu. Kwetu peni ni senti 10, na kumi ndizo zinazojaza shilingi. Ukihesabu kwa 12, bei zote za dukani katika simulizi zitapinda.

Senti yenyewe inadai uulize mwaka. Kabla ya shilingi, Kenya na Uganda zilikuwa na rupia ya senti 100. Rupia ile ikageuka kuwa florini, na florini ni shilingi 2. Kwa hiyo senti 10 za mwaka 1912 zina thamani ya senti 20 za baadaye. Zanzibar ilichelewa: iliendelea na rupia yake mpaka mwisho wa 1935, kisha kila rupia ikabadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50.

Ninayoipenda zaidi ni ndururu, senti 5. Ile ya enzi ya wakoloni ilikuwa na tundu katikati, taji juu ya tundu upande mmoja, na upande wa pili pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka. Tundu lilifaa: ungeweza kuzitunga kwenye kamba na kuzifunga kiunoni. Baada ya uhuru tundu likazibwa; senti 5 ya Tanzania ya 1966 ina umbo la pande 12 na picha ya samaki. Siku hizi huwezi kununua chochote kwa ndururu, lakini neno lingali hai, na lina tabia ya kupenda ukanushi ukifuatana na "hata": sina hata ndururu, hakunipa hata ndururu, maneno yake hayana thamani hata ya ndururu. Ondoa ukanushi, useme "ana ndururu", na msikilizaji atadhani unamzungumzia mkusanyaji wa sarafu za kale.

Hela imekwenda njia nyingine kabisa. Heller ya Wajerumani ilikuwa sehemu ya mia ya rupia yao, walipoacha kuigawa kwa pesa 64 mwaka 1904. Kijerumani huitumia heller kusema umaskini wa mwisho. Tanzania imeifanya hela kuwa jina la fedha yote: mtu "ana hela" maana yake ni tajiri. Pesa nayo ilipanda hivyohivyo, kutoka robo ya ana moja (ana 16 zilifanya rupia ya Kihindi) hadi kuwa jina la huduma ya simu ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007.

Senti haikupanda hivyo, ila kiambishi kimeipa ukali. "Vijisenti" ni kudunisha mara mbili, vi- na -ji-, na kawaida mtu hudunisha chake kwa unyenyekevu: nina vijisenti vyangu kidogo. Mwaka 2008 kiongozi mmoja wa Tanzania aliziita vijisenti fedha zake zilizokuwa benki ya nje, zaidi ya dola milioni moja. Tangu hapo Mtanzania akisikia neno hilo kinywani mwa mkubwa, anasikia kiburi. Mtafsiri akiandika tu "fedha kidogo", nusu ya maana imemwagika.

Na dala, sarafu ya shilingi 5? Hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya basi, na makondakta wa Dar es Salaam wakalipaza jina lake mara mbili kuita abiria: dala! dala! Nauli imeshapanda mara nyingi tangu hapo, na basi bado linaitwa kwa bei ile ya kwanza.