Bosi wa Nvidia akiuza hisa, nawe uuze?

Kila kunapotoka habari kwamba mkubwa wa kampuni ya teknolojia ameuza hisa za mamilioni ya dola, wateja wangu hapa Lubumbashi huniuliza lilelile: «Papa, na sisi tuuze?» Huwatuma kwanza wakasome Fomu 4.

Sheria ya Marekani inamtaka mkurugenzi atangaze biashara yake ndani ya siku mbili za kazi, na fomu hiyo iko kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, bure. Usikimbilie kiasi cha dola, tazama herufi. S ni kuuza. P ni kununua sokoni kwa fedha yake. F ni hisa zilizokatwa kulipia kodi, hiyo ipite. Kisha angalia kama mauzo yalifuata mpango wa 10b5-1, yaani ratiba iliyosainiwa mapema. Tangu 2023, akishasaini lazima asubiri angalau siku 90 ndipo auze hisa ya kwanza.

Jensen Huang wa Nvidia aliuza kwa njia hiyo hisa za zaidi ya dola milioni 700 kati ya Juni na Septemba 2024, kwa mpango wa Machi. Aliyeogopa akauza pamoja naye, kwa dola 120 hivi, aliiona bei ikipita 150 mwaka uliofuata.

Kwa nini mtu auze kitu anachokiamini? Sisi wa Katanga tungepaswa kuelewa kuliko wengi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa baba na mama: mshahara, unga wa mwezi, nyumba, shule, hospitali. Ilipoanguka miaka ya 1990, vyote viliyumba pamoja, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na malipo ya mkupuo. Mkurugenzi ambaye mshahara, bonasi na mali yake viko katika kampuni moja yuko palepale. Tofauti ni idadi ya sifuri kwenye pesa tu.

Yapo mauzo ya kutisha kweli. Joseph Nacchio, bosi wa kampuni ya simu ya Qwest, aliuza hisa za dola milioni 52 mwaka 2001, naye akatiwa hatiani 2007 kwa kutumia siri za kampuni. Mimi hushtuka wakubwa kadhaa wanapouza wiki zilezile, bila ratiba, sehemu kubwa ya walichonacho.

Kwa akiba yako kanuni yangu ni kavu: kampuni moja ya teknolojia isipite sehemu moja ya kumi. Ikipita kwa kupanda, uza ziada, hata kama bosi hajauza. Minervali, yaani ada ya shule ya watoto, isiingie humo kabisa. Aliyeshika Amazon mwishoni mwa 1999 aliona zaidi ya asilimia 90 ikiyeyuka kufikia 2001, na shule hazingoji bei irudi.

Ushauri wa Wamarekani wa kushika mwaka mzima ili kupunguza kodi haukuhusu. Mkongomani anayeishi huku kwa kawaida hakatwi kule kodi ya faida ya mauzo. Anakatwa asilimia 30 ya gawio, na mwaka 2025 Nvidia ililipa senti moja kwa hisa kila robo mwaka.